Mkono Usiokua

Gauni lilitundikwa ukutani kwa msumari, juu ya cherehani, na upindo wake ulikuwa umeshakunjwa na kushikizwa kwa pini. La bluu, kola nyeupe, saizi ya msichana wa miaka kumi na miwili. Inspekta aliliangalia, akamwangalia mshonaji, akaona ni heri aketi kwanza.

Kituoni Inspekta huyu walimwita Bi Taratibu, maana hakuwahi kuharakishwa na mtu, awe mkubwa wake wa kazi au mwizi mwenye kisu. Alikuwa na ugonjwa mwingine pia. Ukisema jambo lisilo sahihi mbele yake, hata liwe dogo kama punje ya mtama, hapiti bila kukusahihisha. Alishamsahihisha hakimu mahakamani, alishamsahihisha mchungaji kaburini. Koplo wake alikwisha kuzoea, na siku hizi alikuwa akikosea kidogo kwa makusudi ili safari ionekane fupi.

"Umeshalipunguza," Inspekta alisema.

"Inchi mbili. Kwa kukisia." Mshonaji hakuinua macho. "Kipimo chake cha mwisho ninacho kwenye daftari ni cha miaka minane."

Hapo ndipo penye kesi yenyewe. Parokia ya hapa ina parokia dada ng'ambo. Kila Kwaresima, mfungo wa kabla ya Pasaka, waumini wa huko huweka mezani kijisanduku cha sadaka cha karatasi chenye picha ya mtoto wa huku, wakamwombea siku arobaini. Pasaka ikishapita, hutuma makasha ya dawa kwa zahanati ya kanisa. Mtoto naye huwaandikia barua moja kila mwaka. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wageni sita walikuja wenyewe. Mmoja wao, mwalimu mstaafu, bibi wa watu mwenye huruma nyingi na Kiswahili cha maneno kumi, alikuja na zawadi ya gauni, akaliona refu, akaingia kwa fundi wa kwanza aliyemkuta jirani na nyumba ya wageni. Ili fundi ajue urefu wa mwenye gauni, akatoa picha kwenye mkoba.

Fundi akamwona mwanawe, aliyemzika miaka minne iliyopita.

Kumzika nako ni neno tu. Homa ya uti wa mgongo ilimkamata mtoto mwezi wa kwanza, gari la wagonjwa likamchukua kwenda hospitali kubwa, mama akaambiwa gari limejaa. Kilichorudi ni jeneza lililopigwa misumari, na amri lisifunguliwe. Sasa mgeni anamwonyesha vidole vinne: barua nne, moja kila mwaka, zote baada ya jeneza lile. Wewe ungefanya nini? Mshonaji aliacha cherehani ikiwa na uzi ndani, akaenda polisi kusema mwanawe yuko hai na ameibwa. Akataka kaburi lifunguliwe. Hakimu akatoa kibali. Ilikuwa Alhamisi, na wachimbaji walikuwa wameambiwa Ijumaa, saa tatu asubuhi.

"Jana mlikwenda shule ya bweni," mshonaji alisema. Kamati ya Kwaresima ya parokia ndiyo iliyowaambia wageni kwamba mtoto yuko bweni na hawezi kutoka.

"Tulikwenda, mama," Koplo akajibu. "Tuliwatazama wasichana wote mia mbili na kumi."

"Mia mbili na kumi na wawili," Inspekta akasema. "Hayumo."

"Basi wamemficha kwingine."

"Mama, hospitali ina cheti cha kifo."

"Cheti kimeandikwa na mtu. Barua nazo zimeandikwa na mtu." Hapo ndipo alipoinua macho, na yalikuwa ya mtu asiyelala. "Kwa nini niamini karatasi inayomzika, niache inayomfufua?"

Inspekta aliinuka. "Nipe mpaka jioni. Nikimpata anayeandika, hutakuwa na haja ya kusimama kwenye shimo lile kesho."

"Na kama anayeandika ni yeye?"

"Nitakuletea mwenyewe, nimemshika mkono."

Nje, Koplo alifungua mlango wa gari, akanong'ona, "Afande, ahadi hiyo." Inspekta alimwambia aendeshe.

Barua nne alizikunjua magotini njiani. Mgeni alizitoa kwa machozi, akidhani polisi wanamtafuta mtoto aliyepotea, na kwa namna fulani hakukosea. Karatasi ya mistari, wino wa bluu, herufi za mviringo zilizosimama wima.

"Unaona nini?" Inspekta aliuliza.

"Mwandiko wa mtoto, afande."

"Wa mtoto wa miaka mingapi?"

Koplo alitupa jicho. "Wa kwanza… minane, tisa hivi."

"Na wa nne?"

"Vilevile."

"Vilevile kabisa. Mtoto wa miaka minane na wa kumi na mmoja hawaandiki sawa. Anabadilika meno, anabadilika sauti, huu mkono tu ndio haukui." Akageuza ukurasa. "Tena sikiliza hii, barua ya nne. 'Goti la kushoto linanisumbua sana nikipiga magoti kwenye kila kituo cha Njia ya Msalaba.' Ushawahi kuona mtoto wa miaka kumi na mmoja analalamikia goti?"

"Mama mkwe wangu ndiye anayelalamikia goti."

"Na ya pili: 'Nimeacha sukari kwenye chai, sasa ni siku ya ishirini na tano.' Mtoto gani huyo?"

Koplo alicheka, kisha akakumbuka gauni ukutani, akaacha kucheka.

Karani wa parokia alikuwa mtu wa kukaribia kustaafu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na moja tu ndiyo iliyoandika. Aliwakaribisha kwa adabu kupita kiasi. Paroko, alisema, ni mgeni, ana miezi mitano tu, hajui lolote. Na yeye karani, alisema kabla hajaulizwa, hajui lolote vilevile.

"Kazi yangu ni stempu, afande. Barua nazikuta kwenye sanduku la maoni pale mlangoni mwa kanisa. Zinakuja zenyewe."

"Zina miguu?"

"Namaanisha zinaletwa."

"Wageni hawasomi Kiswahili. Nani anayezitafsiri?"

Karani alipanga upya vitu vilivyokuwa vimepangwa mezani. "Mimi."

"Kwa hiyo unazisoma."

"Nasoma maneno, afande. Sisomi mambo."

"Ulimjua mtoto huyu?"

"Parokia ndogo hii. Watu wote tunajuana."

"Alipozikwa ulikuwepo?"

"Nilipiga kengele."

Ukutani kulikuwa na picha ya sherehe ya mwaka jana, watu wazima wamesimama nyuma ya makasha ya dawa, wote wanatabasamu.

"Ulipiga kengele ya maziko yake," Inspekta alisema polepole, "halafu miaka minne ukatafsiri barua zake."

"Nilitafsiri barua za Kwaresima," karani akasema, na sauti yake haikuwa na aibu, ilikuwa na uchovu. "Kila mtu alijua, afande. Kamati ilijua, walimu wa dini walijua. Asiyejua ni mmoja tu, na yeye hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia."

Penye wengi pana Mungu, wanasema. Hawasemi kwamba penye wengi pia ndipo mtu anapoweza kutendwa jambo na asipatikane aliyelitenda.

Koplo, aliyeapa tangu jana kwamba mwandishi ni karani, alikuwa ameshapeleka mkono kiunoni kwenye pingu. Inspekta alimsogezea karani karatasi. "Andika: jumuiya yetu."

Karani alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zililala upande kama watu waliolewa. Koplo akaurudisha mkono taratibu, akajifanya alikuwa anajikuna.

"Sasa nieleze mimi nisiye Mkatoliki," Inspekta alisema. Alifungua barua ya kwanza. "Hapa anasema, 'Jana jumuiya yetu ndiyo iliyoongoza Njia ya Msalaba.' Maana yake nini?"

Hilo Koplo alilijua kuliko sheria za barabarani. Aliimba besi kwenye kwaya. "Parokia imegawanywa jumuiya sita, afande, kwa mitaa. Kila Ijumaa ya Kwaresima tunapita vituo kumi na vinne vya mateso, na kila Ijumaa jumuiya moja inaongoza. Wanasoma wao, wanabeba msalaba wao. Zamu zinabadilika kila mwaka."

"Na mtoto alikuwa jumuiya gani?"

"Ya sokoni, pamoja na mama yake."

"Barua zote nne zinataja jana, jumuiya yetu, Njia ya Msalaba. Na zote nne zimeandikwa Jumamosi, nimehakikisha kwenye kalenda." Akamgeukia karani. "Nipe ratiba za zamu za miaka minne."

"Hatutunzi karatasi za zamani."

"Kanisa la miaka elfu mbili halina karatasi ya mwaka juzi?"

Karani alifungua kabati. Ratiba zilikuwa zimetobolewa na kufungwa kwa uzi, safi kabisa, maana mtu huyu dhambi yake haikuwa uvivu. Inspekta alizilaza mezani, barua moja chini ya ratiba moja. Mwaka wa kwanza, Ijumaa ya pili. Wa pili, Ijumaa ya nne. Wa tatu, ya kwanza. Wa nne, ya tano. Jumuiya ya sokoni haikulingana hata mara moja. Jumuiya ya zahanati ililingana mara nne.

"Jumuiya ya zahanati ina nyumba ngapi?"

"Kumi," karani akasema.

Inspekta alihesabu majina kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. "Kumi na moja." Akachukua barua ya tatu. Hii alikuwa ameisoma mara nyingi kuliko nyingine, na hakuwa amemwonyesha mshonaji. "'Mama yangu alifariki mwezi wa nane uliopita. Nyumba imekuwa kubwa. Mniombee.' Katika nyumba hizi kumi na moja, nani alifiwa na mama yake mwezi ule?"

Karani alitazama meza. Aliyejibu ni Koplo, na hakupenda kujibu.

"Niliimba kwenye mazishi hayo, afande. Alikuwa mama yake Mama Dozi."

Mama Dozi ni jina walilompa watoto, na watoto hawakosei. Muuguzi mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya Kwaresima, mikono iliyochoma sindano nusu ya mji huu, wakiwemo watoto watatu wa Koplo na Koplo mwenyewe. Alistaafu miaka saba iliyopita na hakukosa zahanati hata siku moja tangu astaafu. Kila Alhamisi aligawa dawa za kifafa. Walimkuta mezani, foleni ya akina mama imefika nje, yeye anahesabu vidonge juu ya sinia kwa ncha ya kisu cha siagi, vitano vitano, anavimimina kwenye bahasha ndogo za kaki. Kikombe cha chai kilikuwa pembeni.

Inspekta alisubiri akina mama wawili wahudumiwe. Kisha akaokota bahasha iliyokwisha kuandikwa. *Asubuhi kimoja, jioni kimoja.* Herufi za mviringo, wima. Akaiweka kando ya barua.

"Chai hiyo ina sukari?"

Mama Dozi alizitazama zile karatasi mbili zilivyolala pamoja. Hakushtuka. Alifunika sinia kwa kitambaa, akawaambia waliobaki wapumzike kidogo kwenye benchi, akafunga mlango. Alichechemea, mguu wa kushoto.

"Nimekungoja tangu wageni waliposhuka," alisema. "Keti, mwanangu. Na wewe Koplo keti, usinisimamie kama siku ya sindano."

"Mtoto yuko hai?" Inspekta aliuliza. Lilikuwa swali la kazi, lazima liulizwe.

"Alifia mikononi mwangu ndani ya gari, hata nusu ya safari hatukufika. Hospitali waliandika saa yao ya kumpokea. Nilimfumba macho mimi." Alivuta droo, akatoa bahasha ndogo ya kaki, haina maandishi. Ndani mlikuwa na kifungo kimoja, chekundu. "Kilikatika nilipomfungua kifua kumsikiliza. Nilisema nitampelekea mama yake kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Kisha Kwaresima ikaingia, wa ng'ambo wakaandika, mtoto wetu hajambo?"

"Ungewaambia."

"Niliwapelekea picha ya mtoto mwingine, mvulana. Naye ana kifafa, ana shida kuliko hata yule. Wakajibu kwa upendo sana: tumeshamzoea msichana wetu." Alitamka *msichana wetu* kama mtu anayetema kitu kichungu. "Foleni umeiona. Watoto arobaini na mmoja. Wakikosa kidonge wiki moja, wanaanguka kwenye moto. Nikasema, barua moja. Mwaka mmoja."

"Nne."

"Nne."

"Kwa nini uliandika mambo yako? Goti, sukari, zamu ya jumuiya yako. Ningekutafuta mwaka mzima kama ungetunga."

Mama Dozi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwaresima sidanganyi."

Koplo alikohoa.

"Nyie chekeni. Nilidanganya jina tu. Yaliyobaki yote ni kweli, kila neno, niliyaishi mimi wiki ile ile. Niliona kwamba nikisema uongo mmoja tu, Mungu ataubeba."

"Uongo huo mmoja una mama. Anakaa hatua mia tatu kutoka hapa."

Inspekta alihesabu tena kichwani. "Mia mbili na arobaini," alijisahihisha. "Na kwenye barua ya tatu ulimuua."

"Sikumuua mtu. Mama yangu mimi ndiye aliyefariki mwezi wa nane. Sikuwa na wa kumlilia, nikawalilia wageni."

"Siku ile gari linaondoka, mama wa mtoto alisema nini?"

"Alikuwa nje. Vioo vilifungwa, nilikuwa natafuta mshipa wa mtoto, sikusikia kitu." Alisogeza kikombe cha chai. "Na nilipoandika ile ya tatu, kusema kweli, hata sikumfikiria. Liandike hivyo hivyo. Hilo ndilo kosa langu, hayo mengine ni maelezo tu."

Inspekta aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake. *Mama wa muuguzi, mwezi wa nane. Mama wa mtoto hakumsikia, wala hakumfikiria.*

"Taarifa yangu itafika kwa hakimu kesho," alisema akisimama. "Na kwa wageni."

"Najua. Na mwezi wa tano hakuna kasha litakalokuja." Mama Dozi alikuwa ameshafungua mlango. "Aliyefuata, aingie."

Jua lilikuwa limeinama waliporudi kwa mshonaji. Alimtazama Inspekta mkononi kwanza, kuona kama ameshika mkono wa mtu. Alikuwa ameshika bahasha.

Kifungo kilidondoka kwenye meza ya cherehani, kikazunguka, kikalala. Mshonaji hakukigusa muda mrefu.

"Vifungo vyeupe viliniishia, nikatia hiki chekundu," alisema mwishowe. "Alikuwa na haraka ya kwenda kanisani. Nikamwambia vaa hivyo hivyo, nitakibadilisha kesho." Akakichukua, akakifumbata. "Mwambie hakimu wasichimbe."

Alilia bila kelele, na Koplo alitoka nje kutazama gari ambalo halikuwa na tatizo. Inspekta alibaki. Alimweleza yote kwa mpangilio, gari, mikono ya Mama Dozi, Kwaresima, dawa, karani na kengele, kwamba watu wote walijua. Mshonaji alisikiliza yote. Inspekta alipofikia hapo pa watu wote, yeye alitikisa kichwa tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo kazi yake.

"Nataka barua zake," alisema.

"Si zake, mama."

"Najua si zake. Nipe."

Inspekta alimpa. Mshonaji alizihesabu kwa kidole cha shahada.

"Ni tatu. Mgeni alinionyesha vidole vinne."

"Moja nimeibakiza kwa ushahidi."

"Afande. Nimemkosa miaka minne. Usiniibie tena mmoja."

Koplo alikuwa amesharudi mlangoni. Inspekta alitoa barua ya tatu mfukoni, akampa. Mshonaji aliisoma akifuata mistari kwa kidole, kwa sauti ya chini, kama anavyosoma vipimo vya mteja. "'Mama yangu alifariki mwezi wa nane uliopita. Nyumba imekuwa kubwa. Mniombee.'"

Akarudia kusoma. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, akatabasamu kidogo, kwa uchungu.

"Siku ile gari linaondoka," alisema, "nilipiga magoti kwenye vumbi nikaweka mkono kwenye kioo. Nikamwambia Mungu, nichukue mimi, umwache yeye. Sikutoa hata sauti kubwa. Miaka yote hii nilijua hakuna aliyesikia." Alilaza karatasi juu ya paja, akainyoosha kwa kiganja. "Kumbe Mama Dozi alisikia. Mungu hakunipa, yeye akanipa, hata kama ni kwenye karatasi. Humu mimi ndiye niliyekufa, mwanangu amebaki. Ndivyo nilivyoomba. Ni kweli alinisikia, afande?"

Koplo alimtazama mkubwa wake. Alilijua lile daftari na mstari wa mwisho ulioandikwa humo, na alimjua mwanamke huyu ambaye hajawahi kuliacha kosa la mtu likapita. Akangoja.

Bi Taratibu alifunga daftari.

"Ndiyo, mama," alisema. "Alikusikia."